Kilo 7 za mashine ya kufulia sio kilo 7 za kila nguo

Wadau, wiki hii nimefungua mashine mbili hapa Mwanga, Kigoma, na zote zimekufa beringi, na wenyewe wote wawili waliniambia neno lile lile, "fundi, hii si ni ya kilo 7, mi najaza kawaida tu". Hilo "najaza kawaida" ndo limenifanya niandike, manake tangu umeme wa gridi utufikie Kigoma watu wengi wamenunua mashine, ila wa kukwambia nguo zinapakiwaje hakuna, unabebeshwa boksi unaenda nalo.

Tuanze na hiyo namba. Kilo 7 ni uzito wa nguo kavu, tena za pamba, tena kwenye ile programu ndefu ya pamba. Ukihamia kwenye sintetiki, yani polista na nailoni, mashine hiyo hiyo inakuwa ya kilo 3 na nusu hivi, kwenye sufu inashuka mpaka kilo 2 au chini ya hapo, na ile ya haraka ya dakika 15 au 30 ambayo watu wanaipenda kwa ajili ya kuokoa LUKU, nyingi zinataka kilo 2 tu. Kila mashine na yake kidogo, jedwali lipo kwenye kijitabu kilichokuja nayo, kitafute usikiache kwenye boksi.

Sasa kwanini iwe hivyo. Mashine ya mlango wa mbele inatumia maji kidogo sana, kinachofua pale ni nguo kubebwa mpaka juu alafu kuanguka, inabebwa inaanguka, yani kama wamama wanavyopiga nguo kwenye jiwe kule mwaloni kando ya ziwa, kipigo ndo kinatoa uchafu, sabuni inasaidia tu. Ukishindilia dramu ikajaa mpaka juu nguo haina pa kuangukia, inazunguka bonge moja limegandana, sabuni ya unga inabaki kwenye mikunjo, unaanika unaona mistari myeupe, mwisho unalaumu sabuni. Na sisi huku tunapikia mawese, doa la mawese kwenye kitenge halitoki kwa kulowa peke yake, linataka nguo ipigike. Ndo maana mtu akiniambia mashine yake haitoi mawese swali langu la kwanza ni unaweka nguo ngapi, sabuni nauliza baadae.

Kupima bila mzani ni hivi. Weka nguo moja moja ukiwa umeikunjua, usitupie bonge zima kama lilivyotoka kwenye tenga, alafu ingiza mkono juu ya nguo ukiwa umesimamisha kiganja. Kiganja kikiingia kwa raha mpaka ndani, hizo ni sawa kwa nguo za pamba. Ukilazimika kusukuma nguo ndio mkono upite, punguza. Kwa sintetiki dramu ifike nusu, kwa masweta theluthi inatosha. Na ukitaka kilo zenyewe tumia ndoo ya lita 20, mi nimepima mara nyingi kwa mzani wa kuning'iniza, ndoo ikijaa nguo kavu bila kushindilia inacheza kwenye kilo 2 mpaka 2 na nusu, kwahiyo mashine ya kilo 7 ni kama ndoo tatu za pamba na isizidi hapo. Jinzi moja ya mtu mzima inakaribia gramu 700 au 800, taulo kubwa la kuogea 600 hivi, tisheti 150 mpaka 200. Jinzi tano na mataulo matano tayari umefika 7 wakati kwa macho unaona bado kuna nafasi.

Alafu kuna uzito wa maji, na hapa ndo beringi zinakufa. Taulo likinywa maji linabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kwahiyo zile kilo 7 zako zinapoanza kukamuliwa zimeshakuwa 15 na zaidi, na zinazungushwa mara 1000 au 1200 kwa dakika. Kwenye kasi ya 1200, kilo moja tu iliyolalia upande mmoja wa dramu inavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 350. Ndo maana ndani wameweka zege zito na shokapu, na ndo maana mashine nyingi zikihisi nguo zimelalia upande zinakataa kukamua, zinarudi nyuma, zinajaribu kuzipanga upya, zikishindwa zinaonyesha kodi, yani herufi za kosa kwenye kioo chake, kwa LG ni UE. Ukiiona usikimbilie kuniita na usizime na kuwasha mara kumi, fungua mlango maji yakishatoka, zikunjue nguo, toa baadhi, rudisha.

Hiyo kodi inatokea pia nguo zikiwa chache, hili watu hawaliamini kabisa. Taulo moja peke yake au shuka moja zito linajikusanya upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili wa kulisawazisha. Ongeza mataulo mawili matatu. Blanketi la manyoya ndo baya zaidi, lipime kwanza likiwa kavu, likikaribia kilo 5 usilitie kwenye mashine ya 7 hata kama linaingia, manake likilowa haligawanyiki, ni bonge moja tu zito. Mmoja wa hao wateja wawili ana gesti na alikuwa anatia mablanketi mawili mawili. Beringi zilikuwa zimeshika kutu, sili, ule mpira wa kuzuia maji yasifike kwenye beringi, imekatika, na ule msalaba unaoshika dramu kwa nyuma una ufa.

Wenye mashine za matenki mawili, na huku mpo wengi, nyie jaribuni hivi: maji yakishajaa mpaka mstari wake na nguo zimeanza kuzunguka, weka juu nguo moja ya rangi tofauti uiangalie. Ikizama alafu ikaibuka tena sehemu nyingine, mzigo uko sawa. Ikibaki inaelea pale pale juu, toa nguo mbili tatu kabla mkanda haujaanza kunuka. Tenki la kukamulia ni dogo kuliko la kufulia, kwahiyo mlichofua mara moja mkikamue mara mbili, na kile kisahani cha plastiki cha ndani kiwekwe, msikitupe.

Khanga na vitenge virefu vinajisokota vinakuwa kamba na vinameza nguo ndogo katikati, mi huwa nashauri visizidi vitatu vinne kwa mkupuo mmoja, zinazobaki ziwe nguo fupi fupi. Na chandarua chenye dawa jamani kisiingie kwenye mashine hata kama nafasi ipo, kile kinafuliwa kwa mkono, sabuni laini, maji ya baridi, kinaanikwa kivulini.

Yule mteja wa pili ni mama wa Ujiji, anauza chakula, aproni zake zote zina mawese. Nilipomrudishia mashine nilikaa nae mpaka akapakia mwenyewe, alizoea kuweka aproni zote na mataulo ya jikoni kwa mpigo, nikamwambia mama weka nusu, paka sabuni ya kipande kwenye madoa kwanza, washa programu ndefu ya pamba. Jioni akanipigia, "fundi, hii ya njano imerudi njano yake".