Mbuzi ya Nazi Kama Somo la Kwanza la Useremala

Kazi ya kwanza ninayowapa vijana wanaokuja kujifunza useremala katika karakana yetu hapa Mombasa ni mbuzi ya kukunia nazi. Wazazi wengine hushangaa, kwa kuwa walitarajia mtoto aanze na kisanduku cha kupendeza cha kuweka juu ya meza. Lakini kisanduku hakibebi uzito wa mtu, na kinaweza kukaa miaka kumi bila kosa lake kujulikana. Mbuzi hurudi nyumbani, huketiwa na mtu mzima anayeinama mbele kwa nguvu huku akizungusha nazi kwenye ulimi wa chuma, na kosa lolote ambalo mimi na mwanafunzi tulilipita darasani litajitokeza jikoni kabla ya mwezi kwisha.

Umbo tunalolitumia ni la fremu mbili zinazopishana kama mkasi, nyembamba ndani ya pana, zikiwa zimeshikwa na bolti moja inayopita kati yake. Ugumu wote umo katika matundu ya bolti hiyo. Tundu la kushoto likiwa juu ya lile la kulia kwa milimita tatu tu, bolti hukaa mshazari, fremu husuguana zinapofunguliwa, na mguu mmoja hauigusi sakafu. Kijana aliyeona jambo hilo kwenye kazi yake mwenyewe hahitaji kuhubiriwa kuhusu kupima. Yeye ndiye atakayerudi na guni, kile kipimo cha pembe mraba, mkononi kuuliza kosa lilianzia wapi.

Mara nyingi lilianzia kwenye mstari. Mstari wa penseli una unene, tena penseli butu huchora mstari mnene zaidi, na msumeno nao hula mbao zaidi ya milimita moja. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo hatukati kitu cha kutumika. Tunachora kwa ncha ya kisu, tukiuegemeza ubapa wake kwenye guni, hadi kisu kiache mfereji mwembamba ambao ukucha unaweza kuuhisi. Kisha tunakata upande wa taka, yaani wa kipande kitakachotupwa, tukiuacha mstari wenyewe uonekane mzima. Kisu hukata nyuzi za juu kabla ya msumeno kuzifikia, ndiyo maana ukingo hutoka safi bila kuchanika.

Baada ya hapo ndipo tunapounga fremu kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa kwenye mbao moja huingia katika tundu la mbao nyingine. Kanuni ninayowafundisha ni ya mafundi wa zamani: upana wa tundu uwe kama theluthi moja ya unene wa mbao, yaani milimita 15 katika mbao ya milimita 45, ili kuta mbili zinazobaki ziwe na nguvu ya kuubana ulimi bila kupasuka. Wanafunzi wengi hupenda kulipanua tundu ili ulimi uingie kwa wepesi. Ninawazuia. Ulimi unapaswa kuingia kwa kusukumwa na kiganja pamoja na vipigo vichache vya nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe, gundi haitauokoa.

Kuhusu kunoa, nitasema machache tu, ingawa huchukua saa nyingi za darasa. Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu nyingi na mwishowe huteleza. Juma moja msichana mmoja aliniita, "Mwalimu, mbona randa yarukaruka?" Nilidhani ni ulimi wa randa umeisha makali, kumbe alikuwa akiranda mwarobaini, ambao nyuzi zake hupishana, na randa ilikuwa ikizing'oa badala ya kuzikata. Tulipunguza ulimi hadi ukatoa maranda membamba kama karatasi, akaendelea. Siku hizi kwa wanaoanza ninachagua mwembe, unaopatikana kwa urahisi hapa Pwani.

Kosa kubwa lililonifunza mimi mwenyewe lilihusu unyevu. Mbao huvuta unyevu wa hewa na kuutoa, na kwa kufanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, ilhali kwa urefu badiliko ni dogo mno. Mwaka mmoja nilinunua mbao mwezi wa Mei, katikati ya masika, zikiwa bado mbichi, nikawaruhusu vijana kuunga mara moja kwa sababu muhula ulikuwa unaisha. Viungo vilikuwa vimekaza vizuri sana. Kaskazi ilipofika na jua la Januari likazikausha, ndimi zilianza kucheza ndani ya matundu, na mbuzi nne zikarudishwa karakanani zikiyumba. Kosa lilikuwa langu, na niliwaambia hivyo. Tangu siku hizo tunazipanga mbao kivulini zikiwa na vijiti kati yake ili hewa ipite, na kila Ijumaa mwanafunzi mmoja hupima kipande kilekile kwenye mizani na kuandika uzito ukutani. Uzito ukiacha kushuka, ndipo tunaanza kukata.

Kabla ya kutoboa matundu ya bolti, huwapeleka wanafunzi Mji wa Kale kutazama milango. Mingi ya milango ile ya kale haina bawaba za chuma: kila upande huzunguka kwenye ncha mbili za mbao, moja juu na nyingine chini, zilizochongwa na kuingizwa katika fremu, na mfaa wa katikati hufunika mwanya pale pande mbili zinapokutana. Ncha hizo mbili zisingekuwa katika mstari mmoja wima, mlango mzito kama ule ungeburuza kizingiti. Vijana hulielewa tatizo la bolti yao pale pale, wakiwa wamesimama uchochoroni.

Ulimi wa chuma hufungwa mwisho kabisa, baada ya mimi mwenyewe kuketi juu ya mbuzi na kujitikisa mbele na nyuma. Moja ya zile nne zilizorudishwa bado ninayo, na kila darasa jipya huanza kwa kuifungua kiungo kimoja kimoja, ulimi ukitoka kwa kuvutwa na vidole viwili.