Mwendesha mashtaka akiondoka, kesi inabaki kwa nani?

Mkeka, yaani orodha ya uteuzi na uhamisho, ukitoka usiku, kabla hakujakucha makundi ya WhatsApp yameshatoa hukumu. Jina la mwanasheria aliyekuwa na kesi ya kigogo limeonekana limepelekwa kwingine, basi: "wamemtoa", "kesi imekufa hiyo", "si tulisema?" Asubuhi dawati letu la msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam linapokea swali lile lile: je, ni kweli?

Kwanza tujue ni nani hasa aliyeondoka. Anaweza kuwa mwanasheria wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, anayesimama mahakamani, au wakili wa Serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, au Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe, yule tunayemwita DPP. Wawili wa kwanza huhamishwa kama watumishi wengine: leo Mahakama ya Kisutu hapa Dar, kesho Mbeya. Kesi ni ya Jamhuri na jalada hubaki ofisini. Si kwamba hakuna kinachopotea. Aliyekwisha kuzipitia kurasa zote za miamala ya benki akiondoka, anayepokea jalada ataomba ahirisho ili alisome, na kuomba kwake si ushahidi wa njama.

Kwa DPP uzito ni mwingine. Huteuliwa na Rais, na Ibara ya 59B ya Katiba inataka awe huru asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, akizingatia kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Makosa mengi ya rushwa hayafiki mahakamani bila kibali chake cha maandishi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inampa siku 60 kukitoa au kukikataa. Anaweza pia kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu. Huyu akibadilishwa katikati ya uchunguzi unaogusa wanasiasa, anayeuliza sababu hafanyi umbea.

Lakini kuuliza ni kitu kimoja na kutangaza jibu ni kingine. Novemba 2008 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walipandishwa kizimbani Kisutu, wakidaiwa kutumia vibaya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya Sh bilioni 11.7 kwa msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, aliunganishwa nao. Kesi ikaenda miaka. Mwaka 2014 DPP wa wakati huo, Eliezer Feleshi, akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu na nafasi yake ikachukuliwa na Biswalo Mganga. Jalada halikumfuata Feleshi. Julai 2015 Mramba na Yona walitiwa hatiani, Mgonja akaachiwa huru, na mapema 2016 wagonjwa wa Hospitali ya Palestina, Sinza, waliwaona mawaziri hao wa zamani wakifanya usafi kama kifungo cha nje.

Mei 2021 Mganga naye alikwenda ujaji, akaingia Sylvester Mwakitalu. Septemba mwaka huo Jamhuri iliondoa mashtaka dhidi ya mfanyabiashara James Rugemalira katika kesi ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akiwa amekaa mahabusu tangu Juni 2017. Wengi waliunganisha mawili hayo. Kufuatana kwa matukio hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na DPP mpya ana wajibu wa kuyapitia upya majalada aliyoyakuta. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ofisi inayoondoa kesi kubwa namna hiyo ingejisaidia yenyewe kwa kueleza sababu zake, hata kwa aya mbili. Ikinyamaza, mtaa utaijazia maelezo.

Wakati mwingine mtaa hukisia sawa. Septemba 2007 Rais Thabo Mbeki alimsimamisha kazi mkuu wa mashtaka wa Afrika Kusini, Vusi Pikoli, aliyekuwa anamfuatilia Kamishna wa Polisi, Jackie Selebi, kwa rushwa. Pikoli hakurudi kazini. Selebi, pamoja na hayo, alitiwa hatiani mwaka 2010 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15. Kule New York, Februari 2025, Danielle Sassoon, kaimu mwendesha mashtaka wa Serikali Kuu ya Marekani huko, alijiuzulu kuliko kuomba kesi ya rushwa ya Meya Eric Adams ifutwe, na sababu zake akaziandika kwa barua. Aprili jaji Dale Ho aliifuta kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa tena.

Kwa hiyo fuatilia kesi. Nyingi husikilizwa hadharani: ingia Kisutu, zima simu, kaa nyuma. Ukisikia "upelelezi haujakamilika", kesi ipo hai. Hakimu atapanga tarehe nyingine, na kwa aliye mahabusu ahirisho halizidi siku 15. Ukisikia "DPP hana nia ya kuendelea na mashtaka", imeondolewa, ingawa mshtakiwa hajaonekana hana hatia na kimsingi anaweza kushtakiwa tena. Dalili za kutia shaka hazina kelele: hati ya mashtaka inabadilishwa na kosa zito halimo tena, au mashahidi wale wale hawafiki tarehe hadi tarehe bila maelezo.

Uvumi wenyewe nao huumiza kesi. Mhasibu aliyekubali kutoa ushahidi dhidi ya bosi wake akiambiwa kila siku kwamba kesi imeshazikwa, ataona anajianika bure, na asipokwenda mahakamani Jamhuri imepungukiwa. Anayesambaza habari asiyo na uhakika nayo akumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo.

Mwenye taarifa kwamba mwendesha mashtaka ameshinikizwa au kuhongwa apige 113, namba ya bure ya TAKUKURU, au afike ofisini kwao. Aeleze nani, lini, wapi, na alijuaje. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na anaweza kuomba jina lake lihifadhiwe.