Kufuatilia maji ya machimbo ya makaa ni nini hasa

Kila mjadala wa makaa ya mawe unapofika kwenye maji, husimama mtu na karatasi ya maabara. "Maji yamepimwa, yako ndani ya viwango, ufuatiliaji unafanyika." Ukiitazama karatasi yenyewe, ina tarehe moja na kisima kimoja. Kauli hii imezoeleka mno, na wengine wanaoitoa ni wataalamu.

Kufuatilia athari za mgodi kwenye maji ni kupima maji ya mahali palepale, kwa njia ileile, tangu kabla ya kuchimba hadi miaka mingi baada ya kufunga, kisha kulinganisha. Hupimwa wingi wake, yaani kina cha maji kisimani na mtiririko wa kijito, na hupimwa ubora wake. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: uzito wa leo peke yake haumwambii muuguzi mengi, anachosoma ni mstari unaelekea wapi.

Hilo la "kabla" ndilo linalorukwa zaidi. Chukua kijiji kilicho jirani na machimbo ya Ngaka, wilayani Mbinga. Mvua huko zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na visima vifupi hushuka kiangazi hata pasipo mgodi. Shimo la makaa nalo likichimbwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji lazima yatolewe kwa pampu, na maji ya ardhini yanayolizunguka hushuka pia. Septemba mama akilalamika kwamba ndoo haifiki majini, ni kiangazi au ni pampu? Pasipo vipimo vya angalau mwaka mzima kabla ya mgodi, hakuna awezaye kujibu, na asiye na jibu katika mabishano hayo huwa ni yule mama.

Kosa la pili ni "ndani ya viwango". Makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikifukuliwa ikakutana na hewa na maji, hutoa asidi, chuma na salfeti, yaani chumvi ya salfa inayoyeyuka majini. Wengi wakisikia asidi hukimbilia kupima pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, wakiona 7 wanarudi nyumbani wameridhika. Lakini penye mwamba wa chokaa asidi hiyo huuliwa palepale inapozaliwa, pH ikabaki ilivyokuwa kwa muda mrefu. Salfeti haizuiliwi hivyo kirahisi. Hupanda msimu hadi msimu, na uwezo wa maji kupitisha umeme hupanda pamoja nayo. Siku pH inaposhuka, chokaa iliyokuwa ikiyalinda maji imeelemewa. Shirika la Afya Duniani linasema salfeti huanza kuathiri ladha ya maji ikifika takriban miligramu 250 kwa lita. Sasa tuseme kijito kilikuwa na 10, kikaenda 40, kikafika 90. Kila karatasi itasema "ndani ya viwango", na zote tatu zikiwekwa pamoja zinasema mgodi umeshaingia majini. Kiwango hujibu swali la kama maji yananyweka leo. Ufuatiliaji huuliza kama yanabadilika, na kwa nini.

Majira nayo yana maana. Mji wa Carolina, jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, uko katikati ya machimbo ya makaa, kwenye miamba ya Karoo, jamii ileile inayobeba makaa yetu ya bonde la Ruhuhu, liliko Ngaka. Januari 2012 mvua kubwa ilisomba maji ya asidi ya migodini hadi bwawa la Boesmanspruit linalolisha mji, na maji ya bomba yakawa hayanyweki. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru wakazi wapatiwe maji ya muda ndani ya saa 72. Sampuli ya katikati ya kiangazi haiwezi kukuonyesha kitakachosombwa na mvua za mwanzo.

Halafu kuna baada ya kufunga. Pampu zikizimwa, maji hupanda taratibu ndani ya mashimo na mahandaki, yakiyeyusha chumvi za asidi zilizoganda kwenye kuta. Huweza kupita miaka kabla hayajatokea kijitoni. Ratiba ya vipimo inayoisha na lori la mwisho imeishia palepale kazi inapoanza.

Hata chupa ya sampuli ina mambo yake. Maji yaliyolala kwenye bomba la kisima hutolewa kwanza, mpaka joto, pH na upitishaji umeme vitulie, ndipo chupa ijazwe. Maji ya ardhini yenye chuma hutoka maangavu kabisa. Yaache mezani, jioni utakuta machicha ya rangi ya kutu chini ya chupa. Yasipochujwa na kutiwa asidi ya nitriki palepale kisimani, maabara itapima maji ya juu na kuandika "chuma kidogo". Aliye maabara hajakosea, ila alichopima si kile kilichokuwa kisimani.

Basi ndugu zangu mnaosimama na karatasi kwenye mikutano ya kijiji, iiteni matokeo ya upimaji. Ni kazi halali na inahitajika. Jina la ufuatiliaji lisubiri mpaka pembeni yake ziwepo karatasi za kabla ya mgodi, za kijito juu ya machimbo na chini yake, za masika na za kiangazi. Za kabla zikiwa hazipo, waambieni wanakijiji wazi kwamba hazipo. Na kwenye vitalu ambavyo bado havijaguswa, chukueni vipimo vya kwanza msimu huu, kabla katapila halijafika.