Wali na maharage wa Belize si maharage na wali

Wageni wengi wanaofika Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, hudhani kwamba “wali na maharage” na “maharage na wali” ni chakula kimoja ambacho jina lake limegeuzwa tu. Sivyo. Katika kile cha kwanza, maharage mekundu huchemshwa mpaka yaive, kisha mchele hutiwa katika sufuria hiyohiyo pamoja na tui la nazi, hata kila punje ikatoka na wekundu wa maharage. Katika cha pili, wali hupikwa peke yake, na maharage yenye rojo zito hupakuliwa kando. Vyote huandamana mara nyingi na kuku wa mchuzi aliyekolezwa rangi ya mbegu za mzingifuri. Mtu wa Lamu, aliyelelewa kwa tui, hatakiona kile cha kwanza kuwa kigeni.

Wengine hudhani meza ya Belize inaishia hapo. Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi, wa mji wa Dangriga huchemsha ndizi za kupika, mbichi na mbivu, wakazitwanga katika kinu cha mti mpaka zishikane, kisha huzila kwa samaki wa tui. Hicho ndicho hudut, na kwa maoni yangu ndicho cha kuanza nacho.