Mnanitajia vifaru, mimi nauliza redio

Juzi kijiweni Chikongola, hapa Mtwara, kahawa ya pili haijapoa, kijana mmoja kaniambia: "Mzee, sisi na Msumbiji tukichanga hela sawasawa tukanunua vifaru, vita ya waasi kule Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, inakwisha mwezi mmoja." Hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Nimekaa kwenye ugavi jeshini miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mikorosho yangu, na uvumilivu umeniishia.

Vifaru vinataka dizeli, vipuri, fundi na trela la kuvibeba. Hilo nalipita, kila dereva wa lori analijua.

Linaloniudhi ni redio. Chukua vikosi viwili porini ng'ambo ya Ruvuma. Kimoja kinaongea Kireno, kingine Kiswahili. Redio zimenunuliwa kwa wauzaji tofauti, usimbaji, yaani namna ya kuficha ujumbe, haulingani. Usiku doria ya kwanza inaona watu wenye silaha mtoni. Adui au wenzetu? Ujumbe unapanda makao makuu ya nchi hii, unavuka kwenda makao makuu ya nchi ile, unashuka hadi porini. Watu wale wameshaondoka zamani, au wameshapigwa kimakosa. Ukinipa fungu dogo, sinunui chuma: nalinganisha masafa, nasomesha maafisa wa kuunganisha majeshi mawili, wanaojua Kireno na Kimakonde, nawaacha wakae kambi ya jirani mwaka mzima, wazoeane mpaka wajue nani hupokea simu usiku na nani hulala. Kazi hiyo haikatiwi utepe, ndiyo maana haipewi fedha.

Na hii "sawasawa" inatoka wapi? Enzi FRELIMO inapigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, hatukuwa matajiri. Tulitoa ardhi, kambi ya mafunzo Nachingwea na njia ya kupitisha mizigo. Damu na vita vilikuwa vyao. Nani aliyepima hayo kwa shilingi? Kila mmoja atoe alichonacho, ila kiandikwe mapema, kabla risasi hazijalia.

Hapo kwenye kuandika ndipo pana tundu. Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Unasema shambulio kwa mmoja linaitishia kanda nzima, kisha unaruhusu kila nchi ishiriki kwa namna itakayoona inafaa. Ni kama kukubaliana kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, halafu kila mwenye shamba achague siku yake. Mji wa Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, ulishambuliwa Oktoba 2017. Kikosi cha SADC, SAMIM, kiliingia Julai 2021, baada ya Kitaya kwetu hapa Mtwara kuvamiwa Oktoba 2020 na mji wa Palma, ng'ambo, kushambuliwa Machi 2021.

Nakiri jambo moja linanikosesha usingizi. Rwanda haimo hata SADC. Iliingia Julai hiyohiyo kwa makubaliano ya nchi mbili tu, na Agosti ikaikomboa Mocímboa pamoja na jeshi la Msumbiji. Amri moja, mnyororo mmoja wa ugavi. SAMIM ilikuwa na nchi kadhaa na mikoba kadhaa, na Julai 2024 muda wake ulikwisha ikaondoka. Labda ushirika mkubwa ninaoutetea ni mzito mno kwa vita vya msituni, na wawili wanaoelewana wanatosha. Sijashawishika, maana hao wawili wakigombana nani anabaki? Lakini jibu safi sina.

Yote haya nilimweleza kijana. Akafikiri kidogo. "Sawa mzee. Na droni je?"

Nikaagiza kahawa ya tatu.