Hisa za chipu zikiporomoka: maneno ya barazani na hesabu zake

Soko la Marekani likitikisika, hisa za kampuni za chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu, huwa miongoni mwa za mwanzo kuanguka. Hapo maneno yale yale hurudi mabarazani, Darajani hadi Chake Chake.

"Imeshuka nusu, basi imekuwa rahisi"

Mwaka 2022 hisa ya Nvidia ilipoteza karibu nusu ya bei yake, na mwaka uliofuata ikapanda zaidi ya mara tatu. Tangu hapo watu wameifanya kanuni. Lakini hisa iliyotoka dola 100 ikafika 50 imeshuka asilimia 50, na ili irudi ilikotoka inabidi ipande asilimia 100. Wala kushuka peke yake hakukwambii kama hiyo 50 ni rahisi au bado ni ghali.

Wengi hushika kipimo kimoja: bei ya hisa igawe kwa faida ya hisa hiyo kwa mwaka. Likija jibu dogo, 6 au 7, wananunua. Kwa watengenezaji wa chipu za kumbukumbu, kipimo hiki hudanganya vibaya. Chipu hizo ni kama karafuu, za huyu na za yule hazipishani sana. Bei ikiwa nzuri kila mmoja anaongeza kiwanda, na kiwanda, kama mkarafuu mchanga, huchukua miaka kabla ya kutoa mazao. Vyote vikizaa pamoja, bei inaanguka. Mkulima wa Pemba angalau anaipelekea ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, karafuu yake kwa bei iliyotangazwa. Micron, mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu wa Marekani, haina wa kuitangazia.

Kampuni hiyo ilipata faida ya dola bilioni 8.7 katika mwaka wake wa fedha wa 2022, kisha hasara ya bilioni 5.8 katika ule wa 2023. Aliyegawa kwa faida ya mwaka wa neema aliona hisa ya bure, kumbe faida yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiondoka. Na hisa yake ilipanda ndani ya 2023, huku taarifa za hasara zikiendelea kutoka.

Kinachofaa kutazamwa ni mzigo ulioko ghalani. Katika taarifa ya robo mwaka, chukua thamani ya bidhaa ghalani, igawe kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa robo hiyo, kisha zidisha kwa 90. Unapata siku ambazo mzigo unakaa ghalani kabla ya kuuzwa. Fanya hivyo kwa robo nne au tano mfululizo. Siku zikizidi kuongezeka, mzigo unalala na punguzo la bei bado linakuja. Zikianza kupungua, ghala linafunguka.

"Dunia haiwezi kuishi bila chipu"

Kweli, ila hilo linahusu chipu, si hisa. Hisa ya Intel, kampuni ya chipu ya Marekani, ilifika takriban dola 75 mwaka 2000, na miaka 20 baadaye ilikuwa bado haijairudia bei hiyo, ingawa chipu zake zilijaa kwenye kompyuta za dunia nzima.

"Nina kampuni nne, nimetawanya"

Nvidia na AMD hubuni tu. Chipu zao nyingi hutengenezwa na TSMC ya Taiwan. TSMC nayo hununua mashine za kuchorea chipu ndogo kabisa kutoka ASML ya Uholanzi, muuzaji pekee wa mashine hizo. Abiria wanne, ngalawa moja.

"Nimeweka oda ya kukata hasara, silali na wasiwasi"

Soko la New York hufunguliwa saa 10 na nusu jioni kwa saa zetu, meza za Forodhani zikipangwa, au saa 11 na nusu katika miezi ya baridi yao. Kampuni nyingi za chipu hutoa matokeo baada ya soko kufungwa, yaani kwetu ni usiku mkubwa. Intel ilitoa yake tarehe 1 Agosti 2024, ikatangaza pia kusimamisha gawio. Kesho yake hisa ilifunga chini kwa asilimia 26. Oda ya kuuza ikishuka asilimia 10 hapo haikuokoi: inauza kwa bei inayopatikana soko likifunguliwa, si uliyoiandika.

"Bei ya chini ndiyo wakati wa kukopa kwa dalali"

Weka dola 1,000 zako na 1,000 za dalali. Kiwango cha chini Marekani ni fungu lako libaki asilimia 25 ya thamani ya hisa, na madalali wengi hutaka zaidi. Hisa zikifika 1,333, yaani zikishuka theluthi, unaitwa uongeze pesa, usipoongeza, anakuuzia. Mwaka 2022 kundi zima la hisa za chipu lilishuka zaidi ya theluthi. Riba ya mkopo huo, kwa wengi wetu, inatosha kuufunga mjadala kabla ya hesabu.

"Hisa hii ilishachujwa, ni halali"

Kwa kipimo cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, madeni ya riba yasizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Thamani hiyo ikianguka, uwiano unapanda bila kampuni kukopa hata senti moja. Yenye deni la bilioni 25 na thamani ya bilioni 100 inapita. Thamani ikishuka hadi 80, deni ni asilimia 31, haipiti tena. Baadhi ya vipimo vingine hutumia wastani wa thamani ya miezi 24 au 36, hivyo hisa moja inaweza kupita huku ikakataliwa kule. Kabla ya kununua, uliza orodha unayoifuata inatumia kigawanyo kipi na ilihuishwa lini.