Ukimeza amiodaroni, pima na tezi ya shingo

Februari, Dar, lile joto la kutoka jasho ukiwa umekaa tu, mama mmoja anaingia kliniki kavaa sweta. Sio la fasheni, ni yale mazito ya kufuma ya watu wa Makete. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nzito yenye mkwaruzo kama katoka kulala sa hivi, binti yake akadakia, dokta mama haumwi ni uzee tu, analala sana na choo kigumu. Nikamgonga kano ya kisigino na kale kanyundo ketu, mguu ukaruka vizuri ila kurudi ndo ukarudi polepole, yani kama umesahau njia. Hapo nikauliza kabla hata ya maabara, mama, dawa ya moyo unayomeza ni amiodaroni? Ndiyo, mwaka na nusu sasa, na tezi yake haijawahi kupimwa hata siku moja.

Ngoja niwaeleze. Ukisema madini joto kila mtu anafikiria chumvi, lakini kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kina madini joto kama miligramu 75, na katika hizo kama 6 hivi zinaachiwa mwilini kila siku. Mtu mzima anahitaji 0.15 kwa siku. Piga hesabu, ni mara 40, na tezi ya shingo ndo kiwanda kinachotumia hayo madini kutengeneza homoni.

Kikizidiwa namna hiyo kiwanda hufunga geti kwa muda kisha hufungua, ila kwa wengine geti linagoma kufunguka, homoni zinapungua, na ndo kilichompata huyu mama. Hii ni rahisi kutibu jamani, tulimuanzishia levothairoksini, yani homoni ya tezi ya kidonge, kwa dozi ndogo ili tusiushtue moyo, na amiodaroni yake akaendelea nayo kama kawaida. Alirudi mwezi wa saba, wakati kweli kuna kaubaridi, kavaa kanga tu.

Inayoninyima usingizi mimi ni upande wa pili, homoni zikizidi. Mara nyingine ni tezi yenye rovu la zamani, kama tunazoziona kwa watu wa nyanda za juu, imepata malighafi na inazalisha bila breki, hapo tunatumia kabimazoli, dawa ya kuzuia tezi isitengeneze homoni. Mara nyingine dawa yenyewe imeiunguza tezi na homoni zilizokuwa stoo zinamwagika kwenye damu, hapo ni prednisoloni, dawa ya kutuliza huo muunguzo, na kuzitofautisha sio kazi ndogo, kuna siku tunatoa zote mbili. Na mtego wake ni kwamba amiodaroni inapunguza kasi ya moyo, kwahiyo ile mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio unaweza usivione kabisa, unaona mtu anakonda tu, au mapigo yaliyokuwa yametulia yanaanza kuvurugika tena. Na mgonjwa wa wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye INR yake, yani kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, imepanda ghafla wakati hajabadilisha kitu, mimi pamoja na kupunguza dozi naomba na TSH, kipimo cha damu cha kuangalia tezi.

Kwahiyo TSH ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, halafu kila miezi 6. Miezi 3 ya mwanzo ikipanda kidogo msikimbilie kutibu, mara nyingi inashuka yenyewe. Na ukisoma hapa usiende kuacha dawa kwa hasira, yale mapigo ya moyo yaliyovurugika yanaweza kukuua kabla ya tezi, na hata ukiacha haitoki leo wala kesho, inajificha kwenye mafuta ya mwili miezi na miezi.

Kuna mzee alikuja kakonda, suruali kaifunga na kamba, kapimwa TB mara 2 hamna kitu. Nikamuuliza dawa anazotumia akanitajia zote kwa mpangilio, amiodaroni hakuitaja maana alishaiacha miezi 5 nyuma. Niliikuta kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa umekunjwa.